Bonge la Damu Kwenye Tundu la Moyo

Msimu wa sare za shule ulipofika, fundi cherehani hakubanduka kitini. Alishona kutwa nzima, hata chai akanywea hapo hapo. Siku ya nne mguu wake wa kushoto ukavimba, ukawa wa moto na kuuma.

Mumewe alikuwa kinyozi. Mtaa mzima ulimsifu kwa kukanda shingo za wateja. "Lete mguu, mama," akasema. "Uchovu huu nautoa mara moja." Akaukanda siku mbili. Siku ya tatu mke akaanza kuhema akiwa amekaa tu. Kinyozi akatoka, akarudi, akatoka tena, hajui ashike lipi aache lipi.

Jirani yao muuguzi alipomkuta anaukanda tena akang'aka. "Shemeji, acha! Mguu mmoja ukivimba hivi, usikande. Huenda damu imeganda ndani. Bonge likichomoka litapanda mapafuni. Twendeni hospitali sasa hivi!"

Huko walimpima mguu, kisha moyo, kwa mashine ya picha. Daktari akamwonyesha kinyozi bonge kwenye picha. "Mtoto akiwa tumboni, moyo wake una kitundu kati ya vyumba viwili vya juu. Kwa wengi hujifunga baada ya kuzaliwa. Cha mkeo hakikujifunga, naye hakujua. Mabonge mengine yamefika mapafuni. Hili limenasa kwenye kitundu, nusu huku, nusu kule."

"Likichomoka?"

"Linaweza kwenda kwenye ubongo. Atapooza, atapoteza kauli, au tutampoteza. Wengine tunawatibu kwa dawa za kuzuia damu kuganda. Kwake yeye tunashauri upasuaji, leo hii."

Mke akakubali. Kinyozi akabaki kwenye korido, akihesabu vigae, anapotea, anaanza upya. "Ni mikono yangu hii," alimwambia muuguzi.

"Hukujua, shemeji. Sasa unajua."

Jioni daktari akatoka. Bonge limetolewa, kitundu kimezibwa. Kinyozi hakutulia. Alitaka kumsikia mkewe.

Kesho yake mke akafumbua macho, akamtazama. "Kinyozi gani wewe, ndevu zote hizo?"

Kinyozi akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Sasa fundi anameza dawa zake kama alivyoelekezwa, na kila saa anainuka na kutembea kidogo. Na kinyozi? Mwezi uliopita mteja alimwambia mguu wake mmoja umevimba. Kinyozi akazima mashine papo hapo, akampeleka hospitali kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Wiki iliyofuata mteja alirudi mzima, kumaliziwa upande wa pili.