Kilichofungwa Nyuma ya Pikapu Nyeusi

Hii maneno sikuiona kwa macho yangu. Nilipewa na Nyamusi, yule mama wa uji kule kwenye mashimo ya dhahabu ya Masara, na Nyamusi hana mdomo wa uongo. Sogeeni. Wewe, toa mguu kwa moto.

Kulikuwa na mke na mume pale Suna, Dolphine na Wesley. Kazi yao ilikuwa kukodisha kompresa, ile mashine ya upepo ya magurudumu inayosaidia watu kuchimba mwamba. Mashine nzito kama dhambi. Gari yao ya zamani ilikufa mlimani ikiivuta, na bila gari ya kuvuta hakuna kazi, hakuna ugali.

Wakaenda yadi ya Okari, muuza magari. Pikapu zilikuwa mbili. Moja nyeupe, fupi, imetunzwa kama bibi arusi. Nyingine nyeusi, pana, kifua mbele, injini inanguruma kama fahali aliyefungiwa, na huko nyuma chuma cha kuvutia kinene kama mguu wa ndama.

"Mimi nataka nyeupe," Wesley akasema. "Gari ya kuvuta hainunuliwi kwa kelele. Ona chasi yake, haijapinda. Itapanda polepole, lakini itapanda."

"Polepole ndiyo imetufikisha hapa," Dolphine akamjibu. "Mvua ikinyesha Masara, utaisukuma na hicho kitambi?"

Okari akacheka mpaka akashika boneti.

Wakafunga kompresa kwa kila moja, wakapanda nayo mlima wa nyuma ya yadi. Nyeupe ikahema njia nzima. Nyeusi ikapanda kana kwamba inavuta kuku. Dolphine akapiga makofi.

Lakini kompresa ilipofunguliwa, akaona kitu. Pikapu nyeusi haikuinuka nyuma. Ilibaki imelala, kama bado ina mzigo.

"Springi zimezoea kazi, mama," Okari akasema, akitazama kwingine.

Dolphine aliona, lakini akaanza kuhesabu pesa. Roho yake ilikuwa imeshapenda nguvu. Wakachukua nyeusi.

Pasta akaitwa kuiombea. Akaombea injini, akapaka usukani mafuta, akawekea taa za mbele mikono. Huko nyuma hakufika.

Ilianza na kuku. Walikataa kupita nyuma ya ile gari, wanazungukia mbele mbio kama wameona mwewe. Kisha ikaja harufu, udongo mbichi wa chini kabisa, na baruti. Kisha alama. Gari ikitoka tupu, bila kompresa, inaacha kwenye vumbi njia mbili za tairi, na katikati mfereji, kama kuna kitu kinaburutwa. Watu barabarani wakawa wanangoja gari ipite, halafu wanangoja tena kidogo, ndipo wanavuka.

Siku moja mchana, jua kali, walisimama kwa Nyamusi kunywa uji. Nyamusi alipoangalia gari, kikombe kikamtoka mkononi.

"Dolphine," akanong'ona, "mbona mnaburuta mtu?"

"Mtu gani, mama?"

"Usigeuke. Amelala kifudifudi. Kamba iko kiunoni."

Na hapo chuma cha nyuma kikalia. Ko, ko. Kikanyamaza. Ko, ko. Wesley, ambaye ujana wake wote aliumaliza mashimoni, uji wa moto ulimmwagikia mapajani na hakusikia. Maana huko chini hata ukipiga kelele hakuna wa kukusikia. Unavuta kamba mara mbili, na walio juu wanajua: nitoeni.

"Kuna mtu anaomba kutolewa," akasema.

Wakarudi kwa Okari mbio. Dolphine akamkamata shati. "Sema!"

"Yawa, mama, mimi niliuziwa tu, nikauza!" Lakini alijua, akasema. Hiyo pikapu ilikuwa ya mwenye shimo mmoja. Shimo lilibomoka, kijana akabaki chini, hai, na kamba kiunoni. Wakaifunga nyuma ya pikapu wamvute. Ukingo ukaanza kumeguka, gari ikawa inarudi nyuma. Achague gari au mtu. Mwenye shimo akachagua gari. Akachukua panga, akakata kamba.

"Kijana wa wapi?"

"Wa Mbita. Joash."

Dolphine akakaa kwenye vumbi. Joash alikuwa ndugu yake wa kumfuata, tumbo moja. Nyumbani kwao Mbita waliambiwa ameiba dhahabu ya mwenye shimo na kukimbilia Tanzania. Mama yao, kwa aibu, akabomoa simba yake, ile nyumba ya kijana inayojengwa karibu na lango, akapanda mahindi hapo. Jina la Joash likawa haliitwi tena.

"Wengine wanaita jini, sisi tunaita jachien," Nyamusi akawaambia waliporudi Masara. "Lakini wa namna hii hafukuzwi. Mtu akifia mbali anaitwa kwa jina, anapelekwa kwao. Mvuteni. Msisimame njiani, na mtu asigeuke."

Basi wakaipeleka pikapu kwenye lile shimo, wakafunga kamba mpya, ncha moja wakaiteremsha gizani. Dolphine akapiga magoti ukingoni. "Joash, wadhi dala. Twende nyumbani, ndugu yangu."

Ko, ko.

Na ile pikapu iliyopanda mlima kana kwamba inavuta kuku, siku hiyo ililia, tairi zikachimba, moshi ukatanda, harufu ya udongo ikawajaa puani, Wesley anakanyaga mafuta huku machozi yanamtoka, mpaka kitu kikaachia huko chini na gari ikaruka mbele, wakaenda, wakapita Migori, wakapita Rongo, wakapita Homa Bay, kamba tupu inaburutwa nyuma, na kando ya barabara wanaume wanavua kofia bila kujua kwa nini, na ndani ya gari pumzi ya mtu wa tatu, baridi, nzito, inawagusa shingo, na Dolphine ameshika uso wake kwa mikono yote miwili usije ukageuka.

Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa walipofika Mbita. Mama akatoka na jembe mkononi.

"Mnaleta nini?"

"Joash, mama."

"Huyo mwizi simjui."

"Hakuiba, mama. Walimkatia kamba, wakatudanganya."

Mama akatazama ile kamba. Akatazama mahindi. Jembe likaanguka.

"Nyathina," akasema, "mwanangu, nyumba yako nimebomoa. Nitakulaza wapi?"

Pikapu ikainuka nyuma, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Msifurahi bado. Njiani wakirudi Suna, Wesley akasema, "Tungechukua nyeupe, haya yote hatungeyaona."

"Tungechukua nyeupe," Dolphine akamjibu, "ndugu yangu angeendelea kuburutwa na watu wasiojua jina lake." Na yule mwenye shimo? Ana pikapu nyingine, mpya kuliko ile, na kanisani anakaa kiti cha mbele.

Ile kamba, mama aliifunga kwenye mguu wa kitanda chake, ncha nyingine akaitoa nje mpaka kwenye mahindi, pale simba ilipokuwa. Mpaka leo inavutwa kutoka huko. Mara mbili. Mama anaamka, anaishika, anavuta kwa nguvu yote iliyobaki kwenye ile mikono ya uzee. Hakuna kinachokuja.

Haya, dani, bibi yenu, amemaliza. Zimeni taa, kila mtu na blanketi yake. Lalani sasa, wajukuu zangu.