Jiwe la Aldermoor

"Ng'ombe yuko zizini. Asitoke."

Sauti ilikuwa ya Irambona, mkuu wa operesheni. Jasusi Jerusha Kendi aliinama nyuma ya Toyota HiAce, akagusa kipokezi kilichofichwa chini ya kilemba chake.

Amri aliielewa. "Ng'ombe" ni birika la ubatizo la jiwe. Lililoibwa katika kanisa kongwe la Aldermoor, kijiji kidogo cha wakulima huko Uingereza, sasa limo ndani ya ghala hili la huku Granville, mbali na kijiji hicho. Mlango wa mwaloni na vioo vya rangi vilivyoibwa pamoja nalo vilikwisha kuuzwa. Jiwe hilo tu ndilo lililosalia.

Meli ingeondoka nalo alasiri.

Fenwick, kiongozi wa magendo, alitoa lori lake ghalani. Akakanyaga breki kwa ghadhabu.

Uchochoro ulikuwa umezibwa na magari.

Jengo la jirani lilikuwa kanisa la Wakenya na Warundi. Bango lake lilitangaza ibada hadi saa sita. Fenwick, aliyepanga ghala wiki hiyohiyo, alisoma saa sita akaelewa saa sita.

Sasa ilikuwa saa nane.

"Wewe! Ondoa takataka hizi!" alimfokea Elkana, mzee wa kanisa aliyelinda magari.

"Tulia, ndugu. Mhubiri mgeni bado hajasimama."

"Bango linasema saa sita!"

"Hiyo tumeandika ili wageni wasiogope kuingia."

Fenwick akachomoa bastola.

"Polisi wako karibu," Irambona alisema kipokezini. "Subiri."

"Sisubiri. Mzee wa kanisa letu yuko mbele ya mtutu," Kendi alijibu.

Kendi aliruka. Kitako cha bastola yake ya Glock kilitua juu ya kifundo cha mkono wa Fenwick. Risasi ikapasua taa ya HiAce, bastola ya Fenwick ikaanguka. Goti la Kendi likamlaza adui kifudifudi juu ya lami.

"Mwanamke mjinga!" Fenwick alikoroma. "Unaniua kwa ajili ya jiwe bovu!"

"Wanakijiji wamebatizwa humo tangu enzi za mababu wa babu zao. Leo wanambatiza mtoto katika beseni la plastiki, kwa sababu yako."

Huku akimwelekezea bastola, akafunua turubai la lori. Malaika waliochongwa walimtazama, wazima, wenye vumbi.

"Ng'ombe amebaki zizini," akasema redioni.

Polisi walipomfunga Fenwick pingu, Kendi alikuwa akikaza kilemba.

"Mzee, mahubiri yamefika wapi?"

Elkana alichungulia mlangoni.

"Mgeni ndiyo kwanza anatusalimu."

Kendi akaficha bastola, akaingia, akatafuta kiti cha nyuma.