Baba Yustina Yuko Hewani

Kosa lilikuwa dogo. Kila mtandao ulipokatika na kurudi, kompyuta ya Method Zefania, fundi wa programu pale Misunkumilo, ilikataa kumrudisha kwa mkewe. Iliandika tu: Jina hili linatumika.

Programu hiyo aliitengeneza mwenyewe kwa ajili ya Pudensiana, aliyekuwa Kibaoni akinunua mchele. Ilifunguka ndani ya kivinjari, watu wawili wakazungumza moja kwa moja. Seva, kompyuta kuukuu chini ya meza yake, ilishika orodha ya majina na kuwakutanisha tu. Pudensiana alimwandikisha mumewe kwa jina la nyumbani, Baba Yustina. Yustina hakuwa wa kumzaa. Alikuwa binti wa kaka yake, marehemu Thadei Zefania. Wazee walipomrithisha Method mjane wake, Pudensiana, walimrithisha na jina, naye akalipokea ingawa lilimkaa kooni.

Kosa lenyewe alilijua. Seva huchelewa kutambua kuwa muunganisho wa zamani umekufa, na huendelea kulishikilia jina. Alisubiri dakika mbili, akajaribu tena. Jina hili linatumika. Akalifuta kwenye orodha. Likarudi kabla hajaondoa kidole. Ndipo alipoona muda wa mazungumzo ukihesabu: dakika arobaini na moja. Mkewe alikuwa akiongea na mtu.

Wivu ukampanda. Akampigia simu ya kawaida, akamuuliza anaongea na nani.

“Si naongea na wewe,” Pudensiana akanong'ona. “Mbona unanipigia na huku tunaongea?”

Picha haionekani, akaeleza, ni sauti tu, na kile kikohozi. Akakata.

Method hakuwa na kikohozi. Thadei, aliyekausha tumbaku Kasokola maisha yake yote, alikuwa nacho mpaka siku alipozikwa.

Akachomoa waya wa seva, na mchana ule mweupe, mlango ukiwa wazi na bodaboda zikipita nje, harufu ya tumbaku ya banini, banda la kukaushia kwa moto, ikaanza kutoka kwenye matundu ya seva isiyo na umeme, nzito, tamu, ikamjaa kifuani, huku muda ukiendelea kuhesabu kwenye kioo cha kompyuta yake, arobaini na nne, arobaini na tano, na nyuma ya namba hizo mwanamke akicheka, kicheko cha kujiachia ambacho Method, katika miaka miwili ya ndoa, hakuwahi kupewa hata siku moja.

Akarudisha waya. Safari hii hakuandika jina la kurithi. Aliandika lake: Method.

Likakubaliwa papo hapo. Pudensiana akatokea, amejifunga kitenge cha harusi yake ya kwanza. Alimtazama kwa heshima, vile alivyokuwa akimtazama zamani, Thadei angali hai.

“Shemeji,” akasema taratibu, “utapiga baadaye. Baba Yustina yupo.”