Gaju, Mercedes ya Shemasi

Nafasi ya kuegesha ilikuwa tupu. Shemasi Ezéchias Gatera alisimama kando yake amevaa suti ya kanisani, Jumamosi asubuhi, mikono kichwani, utadhani amefiwa.

"Wameiba Gaju," alisema. "Dada, wameiba Gaju wangu."

Inspekta Fides Kabanyana alitoa kalamu. Aliletwa Louisville, Amerika, akiwa mtoto mdogo kutoka kambi ya Nyarugusu, na kila kesi ya Wakongo wa mtaa wa Iroquois ilitupwa mezani kwake kwa sababu ya Kiswahili chake. Ng'ombe aliwajua kwa picha tu. Lakini hata yeye alijua kwamba Gaju ni jina la ng'ombe wa kahawia kule milimani Kivu Kusini, na kwamba hapa mtaani Gaju alikuwa na magurudumu manne na nyota ya Mercedes puani.

"Uliiona mara ya mwisho lini?"

"Juzi, magaribi. Jana nilitoka kazi nimechoka, sikuangalia."

"Ilikuwa nzima?"

"Mercedes, dada! Mjerumani anatengenezaka kitu ya kuharibika? Jumapili nilienda nayo kanisa."

"Funguo?"

"Hizi hapa. Zote."

Fides alichuchumaa. Hapakuwa na hata chembe ya kioo kilichovunjwa. Nyasi ziliota kwenye nyufa za lami kuzunguka nafasi ile, ndefu, na zile za katikati zilikuwa zimepauka kwa kukosa jua. Aliziona. Ukweli usemwe: aliziona na akazipita.

Ndani, alipokuwa akiandika maelezo, alijikwaa kwenye ngoma kubwa iliyowekwa karibu na kochi.

"Pole, dada," alisema Uwase, binti wa shemasi. "Ni ya kwaya. Inakaaga kwenye buti ya Gaju. Papa aliingiza hapa Alhamisi, sijue sababu."

"Nilikuwa napanga buti," shemasi alidakia. "Sababu ya harusi."

Harusi ilikuwa ya Uwase mwenyewe, Jumamosi ijayo. Mgeni mkubwa alikuwa Mzee Rudasingwa wa mji wa Buffalo, ndiye aliyewapa Gaju, na aliomba jambo moja tu: bibi harusi apelekwe kanisani ndani ya gari lile. Uwase alisimulia hayo machozi yakimlengalenga. Baba yake alikuwa anatazama zulia.

Kamera ya duka la matairi ng'ambo ya barabara ilimaliza kazi kabla chai ya Fides haijapoa. Ijumaa mchana kweupe, lori la kuvuta magari lenye namba za jimbo jirani la Ohio lilifika, mtu mmoja akashuka, akampandisha Gaju juu na kuondoka naye taratibu. Namba zile zilikuwa za Bahizire, fundi mwenye gereji ndogo Whitehall, mashariki mwa Columbus.

Fides alimpigia shemasi simu akiwa tayari barabarani, na raha ya mshindi kifuani.

"Unamfahamu fundi anaitwa Bahizire?"

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Shemasi?"

"Ninamujua. Ni Mushi wa Bukavu, kabila ingine. Anatengenezaka gari za watu."

"Ulimtuma achukue gari?"

"Hapana," alisema. "Bon. Kama ni yeye, ni yeye."

Walimkuta Bahizire chini ya Toyota ya mtu, na Gaju nyuma ya gereji amefunikwa turubai. Askari wawili wa Ohio, walioitwa na Fides, walimsimamisha na kumfunga pingu mikono ikiwa bado na grisi. Gereji ilipakana na majengo ya ghorofa, na Jumamosi watu wako nyumbani. Walijaa kwenye baraza, wengi wao waumini wa kanisa la Bahizire. Watoto walitoa simu wakaanza kupiga video.

Mke wake, Cibalonza, alitoka mbio na unga mikononi.

"Dada, muache! Alhamisi anaapa uraia! Tumengojea miaka yote, leo munamufunga kama mwizi mbele ya watu?"

"Sheria ni sheria, mama," alisema Fides.

Baadaye angelitamani sana neno hilo lirudi kinywani alimeze.

Chumba cha mahojiano katika kituo cha polisi cha Whitehall kilikuwa na meza na viti viwili. Bahizire alikaa wima.

"Uliiba gari?"

"Hapana."

"Lilifikaje kwako?"

"Nililivuta."

"Kwa idhini ya nani?"

Bahizire alisugua grisi kwenye vidole.

"Kesi ya wizi itafanya nini kwenye kiapo chako, unajua?"

"Ninajua vizuri."

"Basi sema nani alikutuma."

"Niliapa sitasema, dada. Sasa nikivunja hicho kiapo leo, Alhamisi nitaapa na mdomo gani?"

Fides alifunga jalada. Alipofika mlangoni, Bahizire alimwita.

"Ile kwako ni gari. Kwa Banyamulenge, watu wa shemasi, ni ng'ombe. Uliza mwenye aliitoa zawadi."

Kwenye korido alimkuta mtaalamu wa uchunguzi akifuta mikono. Alama za vidole zilikuwa za Bahizire na za shemasi, hakuna ajabu. Ajabu ilikuwa chini ya boneti.

"Injini imekwama. Oili imeganda imekuwa lami," alisema. "Gari hili halijatembea tangu kiangazi."

"Jumapili iliyopita lilikwenda kanisani."

"Labda malaika walilisukuma."

Fides alisimama palepale. Nyasi zilizopauka zilimrudia, na ngoma karibu na kochi. Mwizi asiyevunja kioo, na mwenye gari anayetoa vyombo vya kwaya siku moja kabla ya kuibiwa! Vyote vilikuwa mbele ya macho yake kabla hajamfunga mtu pingu. Aliviacha kwa sababu namba za lori zilikuwa rahisi, na mtu wa kukamatwa alikuwa mbali na hana wa kumtetea. Angeweza kumbana shemasi kwa simu usiku huohuo, lakini alikwisha danganywa kwa simu mara moja, na safari hii alitaka kujua kwanza kinachofichwa ni nini.

Jumapili aliendesha hadi Buffalo.

Mzee Rudasingwa alikuwa ametoka ibadani. Alichechemea na fimbo yake hadi jikoni akamletea mgeni maziwa ya moto, akakaa na kunyoosha mguu wake mbovu.

"Wakati ya vita nilipigwa risasi hapa," alisema akigusa paja. "Ezéchias alinibeba mugongoni kutoka milimani mpaka ziwa. Mtu kama huyo, kwetu unamupa ng'ombe. Mukishapana ng'ombe munakuwa ndugu, mpaka watoto wa watoto. Donc, hapa Amerika ng'ombe atamuweka wapi, kwenye baraza? Nikatafuta gari ya rangi ya Gaju. Siku nilimupa tulikunywa maziwa kando yake, tukaimba majina ya ng'ombe. Wazungu walipita wakashangaa."

"Kwa nini Mercedes?"

Mzee alicheka. "Unajua safari ya kwanza ya mbali ya gari duniani nani aliendesha? Bibi ya yule Benz mwenyewe! Alichukua gari asubuhi bila kumuambia bwana, na watoto wawili, akaenda kwa mama yake. Mafuta ikaisha njiani, akanunua ingine kwenye duka ya dawa."

Halafu kicheko kilimtoka.

"Lakini jina yao iko na mengine. Wakati ya Hitler viwanda vyao vilitumikisha watu kwa nguvu, wafungwa, maelfu. Walinyamaza miaka mingi. Mwisho wakakubali: njo vile, tulifanya. Niliyasoma yote mbele ya kununua. Nikasema, hawa waliona haya, lakini walisema. Hiyo nitamupa Ezéchias."

Fides alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mzee, ng'ombe wa kupewa akifa, inakuwaje?"

"Unakuja kwa mwenye alikupa, unasema: ng'ombe yako imekufa. Anakupa pole. Basi."

"Hakasiriki?"

"Kwa ng'ombe kufa? Ng'ombe anakufaka, dada. Atakasirika kama ulimuficha." Alimtazama. "Gaju amekufa?"

Fides alimweleza yote, pamoja na pingu za Bahizire, pamoja na video za watoto. Hakujipunguzia. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka kuchukua koti.

"Harusi ni Jumamosi," alisema Fides.

"Mimi sikuambia ninaenda harusi."

Jumatatu shemasi alifungua mlango, akamwona inspekta, na nyuma yake akaona fimbo ya Rudasingwa. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye kochi. Uwase alitoka chumbani kwa furaha kumsalimu mzee, akaona sura zao, akarudi nyuma hadi ukutani.

Fides aliweka mkono juu ya ngoma.

"Shemasi, mwizi gani anaachiwa buti tupu siku moja kabla hajaja?"

"Nilisema, nilikuwa napanga..."

"Jumapili ulikwenda na gari kanisani?"

"Ndiyo."

"Na injini iliyokufa?"

Shemasi alishika ukingo wa kochi.

"Ilikufa lini?"

"Mwezi wa saba," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Sikubadilisha oili. Hata mara moja tangu Mzee alinipa. Taa ya oili ilikuwa inawaka, Bahizire akaniambia, Papa Uwase, leta nikubadilishie. Nikamucheka. Nikasema hii ni Mercedes, si hizi gari zenu za kubembeleza. Taa nikaifunika na kibandiko cha kanisa."

"Endelea."

"Watu wote mtaani wanajua jina yake. Miezi hii yote, hata nyumbani, nilisema ninaipumzisha tu. Ningesema nini? Kwamba nimeua Gaju? Nikamuomba Bahizire aje, aivute, aifiche kwake mpaka nipate injini ingine. Nikamuapisha. Ijumaa akaichukua, na Ijumaa magaribi Mzee akatuma neno kwamba Uwase apande Gaju. Sikulala. Asubuhi nikaita polisi."

"Kwa nini wizi?"

"Kuibiwa haina haya, dada. Mtu akiibiwa watu wanamuhurumia."

Uwase alikuwa ameshika ukuta.

"Na Bahizire?" Fides aliuliza. "Nilikupigia simu nikiwa njiani. Nilikuuliza kama ulimtuma. Neno moja lilitosha."

"Nilifikiri watamuachilia tu."

"Huo ni uongo mwingine."

Shemasi alijifunika uso. Alipozungumza tena, maneno yalitoka kati ya vidole.

"Nilifikiri, ni Mushi. Si wa kwetu. Watu wa kanisa letu hawatajua hata jina yake. Njo vile nilifikiri. Mungu anaona, njo vile."

Uwase aliingia chumbani akafunga mlango. Ezéchias aliteleza kutoka kwenye kochi akapiga magoti mbele ya fimbo ya mzee.

"Unisamehe Gaju."

"Gaju nilikusamehea njiani, mbele ya kufika Cleveland," alisema Rudasingwa. Hakuinama, hakumgusa. "Lakini ulinibeba mugongoni, na huyu ukamutupa. Hapo mimi sina cha kusamehe. Hiyo iko na mwenyewe wa kusamehe."

Taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na shemasi angejibu mahakamani. Hilo Fides aliliandika bila kusita. Aliandika pia kila kitu cha kumsafisha Bahizire, akapiga simu hadi sauti ikakauka. Jioni hiyo fundi aliachiliwa. Siku ya kiapo haikusogezwa. Video, lakini, zilikuwa zimekwisha zunguka Columbus nzima, na mteja wa Toyota alikuwa amekuja kuchukua gari lake bila kusalimia.

Jumanne mchana gari la Fides liliegeshwa mbele ya gereji ya Whitehall. Mzee Rudasingwa alishuka. Uwase alishuka, hakuwa ameongea na baba yake njia nzima. Ezéchias alishuka wa mwisho, akamfuata Bahizire ndani, kwenye giza la gereji, akamkamata mkono na kuanza kunong'ona.

Bahizire aliutoa mkono wake.

"Hapana, Papa Uwase. Hapa ndani hapana."

"Ndugu yangu, ninakuomba..."

"Mimi walinibeba pale nje. Mchana, watu wote wakiona. Na wewe sema pale nje."

Bahizire alitoka akasimama kwenye lami, mahali palepale alipofungwa pingu. Cibalonza alikuwa mlangoni. Kwenye baraza za ghorofa watu walikwisha anza kujaa, na watoto waliotoka shule walikuwa ukutani.

"Mutoe simu zenu," Cibalonza aliwaambia. "Kama siku ile."

Simu zilinyanyuka. Shemasi alibaki kwenye giza la gereji na suti yake, jasho likimtoka kwenye ubaridi ule.

Fides alimpita. Hakuna aliyemwomba. Alikwenda akasimama pale alipokuwa amesimama Jumamosi, akainua uso kuelekea baraza.

"Naitwa Fides Kabanyana," alisema kwa sauti kubwa. "Jumamosi nilimfungisha mtu huyu pingu hapa mbele yenu. Hakuiba. Nilikuwa na ushahidi wa kunizuia, nikaupuuza kwa haraka yangu. Mama Cibalonza, nisamehe. Naona aibu."

Cibalonza aligeuza macho kwa shemasi, na baraza zote zikageuka naye.

Ezéchias Gatera alitoka gizani akaja taratibu hadi kwenye lami. Alitafuta uso wa binti yake akaukuta umemtazama.

"Gaju hakuibiwa," alisema. "Mimi njo niliua Gaju."

"Hatusikie!" mtoto mmoja alipiga kelele kutoka juu.

Shemasi alivuta pumzi, akaanza tena tangu mwanzo.