Ng'ombe wa Dorkasi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la tembe, Priska ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia zizini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliondoa miti iliyoziba mlango, akachukua kibuyu, akamkamua Kidoti, huku mdogo wake mchanga, Sila, akilia mgongoni kwa mama kama aliyeambiwa maziwa yamekwisha duniani. Halafu aliwatoa ng'ombe wote watatu kwenda malishoni, kando ya mbuga ya Bahi.

Watatu tu, wala usicheke. Zamani baba yake, Mzee Methusela, alikuwa na kundi la kutosha, lakini ugonjwa wa mifugo ulilipukutisha. Walibaki wawili: Kidoti, aliyemlisha Sila kwa maziwa yake tangu ya mama yalipokauka, na Tarishi, dume aliyependa kuwatangulia wenzake njiani. Wa tatu, Mabaka, hakuwa wao. Alikuwa wa Bibi Dorkasi, mjane wa kijiji cha pili, asiye na mtoto wa kumchungia. Wagogo wana desturi hiyo: mwenye ng'ombe humpeleka akalelewe kwa mtu anayemwamini. Mlezi hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama hubaki mali ya mwenyewe. Hapaandikwi karatasi, pana neno la mtu tu. Siku hizo Mabaka alikuwa na mimba, hatoi hata tone la maziwa.

Mwaka ule ulikuwa wa vita. Wadachi, waliokuwa wakiitawala nchi, walipigana na Waingereza, na askari wao walitaka nyama. Basi siku ya Alhamisi Jumbe Matonya alifika nyumbani kwa kina Priska. Jumbe huyo hakuwa mgeni. Alikuwa kaka yake Methusela, tumbo moja, na kwa Priska alikuwa baba mkubwa.

"Mbukwa," alisalimu kwa Kigogo, akaketi bila kungoja kigoda.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema Priska.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia mdogo wake. "Methusela, amri imetoka bomani. Kila zizi lenye ng'ombe watatu au zaidi litoe mmoja. Askari watapita Jumamosi. Na tangu leo ni marufuku kuhamisha ng'ombe. Atakayekamatwa anahamisha, ni hamsa ishirini."

Loisi, mama yake Priska, alijishika mdomo. Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano, na watu walitoka hapo wakibebwa.

"Lakini mimi nina wawili," alisema Methusela. "Wa tatu ni wa Dorkasi."

"Askari hamtazami mwenye ng'ombe, anatazama pembe. Mtoe huyo wa Dorkasi, yaishe. Mjane ataambiwa serikali imechukua. Atamshitaki nani?"

"Kaka, yule ni amana."

"Mimi ni mkubwa wako, tena ni jumbe wako. Sikio halipiti kichwa!" Matonya alisimama, akaelekea mlangoni. Hapo sauti yake ikashuka. "Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Hata mimi ni nyasi, mdogo wangu. Usidhani napenda."

Kesho yake Methusela alimchukua Priska wakaenda kanisani. Lilikuwa jengo la udongo kama matembe mengine, na watoto walisomea humo humo. Wamisionari Waingereza walikuwa wamekamatwa na serikali tangu vita vianze. Aliyebaki ni Mwalimu Elieza peke yake, yeye na hofu yake. Ni yeye aliyewafundisha watoto amri ya kuwaheshimu baba na mama, na ile habari ya kumpa Kaisari yaliyo yake. Kwa muda mrefu Priska aliamini kabisa kwamba Kaisari wa Injili ni yule yule mfalme wa Wadachi mwenye kofia ya vita kwenye rupia, mpaka wenzake walipomcheka.

"Mwalimu," alianza Methusela, "tumefundishwa kutii wenye mamlaka. Kaka yangu ni mkubwa wangu, na serikali ni serikali. Wote wananiambia nimtoe Mabaka. Kanisa linasemaje?"

Mwalimu Elieza alitazama mlango kwanza. "Imeandikwa tumpe Kaisari yaliyo ya Kaisari."

"Mabaka ni wa Kaisari?"

"Hapana."

"Ni wangu?"

"Si wako pia." Mwalimu alijifuta jasho. "Lakini ukimtoa Kidoti, Sila atakunywa nini? Ndugu yangu, nikikwambia fanya hivi, kesho bomani wataniuliza mimi. Na nikikwambia fanya vile, Mungu ataniuliza. Tuombe tu."

Wakaomba. Priska hakufumba macho. Alimwona mwalimu akiutupia mlango jicho katikati ya sala, akakasirika. Kama mwalimu hajui, nani basi anajua?

Jumamosi alfajiri akaamua mwenyewe. Alimtoa Mabaka peke yake, akawaacha Kidoti na Tarishi zizini, akashika njia ya kijiji cha pili. Mabaka akifika kwa mwenyewe, zizi litabaki na wawili, na hakuna atakayechukuliwa. Kuna ugumu gani hapo? Alijiona ana akili kuliko baba, baba mkubwa na mwalimu wakiwekwa pamoja. Mtoto akiona njia nyepesi katika jambo lililowashinda wakubwa, na aitazame mara ya pili! Yeye hakuitazama, wala hakumwambia mtu.

Hakufika mbali. Kwenye korongo kavu askari wawili walisimama mbele yake na bunduki mabegani. Mmoja aliishika kamba ya Mabaka, mwingine akamshika Priska mkono.

Walipofika nyumbani, uwanja ulikuwa umejaa watu. Jumbe Matonya alikuwapo, na Mwalimu Elieza alisimama kando ya ukuta.

"Mwenye zizi hili ni nani?" aliuliza mkuu wa askari.

"Ni mimi," alijibu Methusela.

"Umemtuma mtoto afiche ng'ombe."

Methusela alimtazama binti yake mara moja, kisha akatazama chini. 

"Ni mimi!" Priska alipiga kelele. "Baba hakunituma! Hakujua kitu!"

"Mtoto hana zizi," alisema askari. "Mwenye zizi ndiye mwenye kosa. Mlazeni."

Maskini Priska! Alidhani akisema kweli baba atapona. Kweli ameisema, watu wote wameisikia, na bado baba yake alikuwa akivuliwa nguo mgongoni. Priska akakaa chini mavumbini.

Hapo ndipo Jumbe Matonya, mtu asiyewahi kumwinamia yeyote kijijini, alipopiga magoti. "Bwana, huyu ni ndugu yangu wa damu. Badala ya viboko, chukua ng'ombe wa pili."

Askari akafikiri. Mayowe hayaliwi, na nyama huliwa. "Haya. Wawili."

Matonya aliinuka upesi. "Mchukueni huyu wa mabaka na yule dume. Mwenye maziwa abaki, kuna mtoto mchanga hapa." Akamsogelea ndugu yake, akanong'ona, "Usifungue mdomo wako."

Methusela akaingia zizini. Alikaa humo kitambo, na watu wakadhani analia. Alipotoka alikuwa na kamba mbili mkononi, ya Kidoti na ya Tarishi.

"Hawa ndio wangu," alisema.

"Baba Priska!" Loisi alilia. "Na Sila je?"

Hakumjibu mkewe. Angejibu, angerudi nyuma.

"Umerogwa wewe?" Matonya alifoka.

Mwalimu Elieza akatoka ukutani. "Huyo wa mabaka ni wa mjane Dorkasi," alisema kwa sauti nyembamba. "Mimi ni shahidi." Askari hakujali. Kwake ng'ombe ni ng'ombe, na wawili aliwapata. Wakaondoka, Tarishi akitangulia mbele ya wote kama ilivyokuwa kawaida yake.

Mchana ule Sila alipewa uji mwepesi wa uwele, akautema. Alilia mpaka akachoka. Jua lilipopungua ukali, Methusela na Priska walikwenda kumpa Dorkasi habari. Mjane aliwasikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika tama.

"Ningeambiwa serikali imemchukua," alisema baadaye, "ningelia, na ningeamini." Akautoa mkono shavuni. "Mabaka na aendelee kukaa kwako. Akizaa, maziwa ni ya Sila, na ndama pia ni wa Sila. Sina kingine."

Njiani kurudi Priska hakuweza kuinua uso. "Baba, mimi ndiye niliyekuponza."

"Ndiyo," alisema Methusela. "Ungeniambia kwanza. Ulikwenda peke yako, tukaumia nyumba nzima. Lakini ulisema kweli mbele ya bunduki, na hilo nimeliona."

"Haikusaidia."

"Haikusaidia. Kweli si hirizi, mwanangu."

Walitembea kidogo. "Baba, wakirudi kumtaka Mabaka?"

"Watamchukua. Sina la kufanya. Baba yako mkubwa hana, na mwalimu hana."

"Sasa tumepata nini?" Priska alianza kulia.

Methusela akasimama. "Sikiliza, Priska. Serikali tunaitii. Wakubwa wetu tunawaheshimu, na kaka yangu leo amepiga magoti kwa ajili yangu, sitamsahau. Kanisa linatufundisha, hata mwalimu wake akiwa na hofu. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao anayeweza kunipa ruhusa ya kutoa kisicho changu. Mungu amekwisha kukataza. Changu wanaweza kukichukua, wana nguvu. Kunifanya mwizi hawawezi, mpaka nikubali mwenyewe. Wakija tena, Mabaka atakuwa amechukuliwa na wao. Hatakuwa ametolewa na mimi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

Asubuhi iliyofuata Priska aliingia zizini kama siku zote. Kwa mazoea alikuwa ameshika kibuyu, akakirudisha ukutani. Akaondoa miti ya mlangoni. Mabaka alifika kizingitini akasimama, akingoja Tarishi amtangulie. Alingoja muda mrefu. Mwishowe ikabidi Priska atangulie yeye.