Uyoga Uliokatwa kwa Kisu

Jumapili moja baada ya ibada, tulikwenda kutembea kando ya mto. Mvua zilikuwa zimeanza na nyasi zilikuwa mbichi. Tulikuwa wanne: mimi Levina, mume wangu Gerson, binti yetu Jenifa wa miaka minane, na wifi yangu Recheli. Wifi alikuwa amekuja kwa treni kutoka Bukene kutusalimia. Alikuwa na siku tatu tu kwetu, na mimi nilikuwa nimeshamchoka.

Usiniulize kosa lake. Hakuwa na kosa, ila mwanangu alimpenda.

"Shangazi, huyu mdudu anasukuma nini?" Jenifa aliuliza.

"Mavi ya ng'ombe. Anayafukia, halafu anataga yai humo. Mtoto wake akitoka anakuta chakula."

"Na huu uyoga mbona umeota kwenye kichuguu?"

"Mchwa wanaulima humo ndani. Mvua ikinyesha, unachomoza nje."

Jenifa akanigeukia. "Mama, wewe ulikuwa unajua?"

Gerson akacheka. "Huyo ndiye dada yangu! Porini hapotei."

Wivu ulinishika. Mtoto nimzae mimi, sifa azipate mwingine?

Recheli alichimba ule uyoga wa kichuguu kwa kijiti, polepole, mpaka mzizi wake mrefu ukatoka. Mimi nikajitenga. Chini ya miti nikaona uyoga mweupe, mzuri kuliko wake. Kofia moja ilikuwa na matundu ya wadudu. Nikafurahi, maana tangu utotoni nilisikia kwamba uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu. Nikaukata kwa kisu juu ya udongo, usichafuke. Nikaufunga kwenye kanga, nisimwonyeshe mtu. Nilitaka wauone ukiwa umeiva.

Nyumbani nilipika wangu jikoni, wifi akapika wake uani. Tulipokaa kula ugali, nikaweka bakuli langu katikati.

"Mama naye amepata uyoga!" Jenifa alisema. "Mimi naanza na wa mama."

Neno hilo nililingoja siku tatu. Nilijisikia kama malkia.

"Subiri, Jenifa," alisema Recheli. "Wifi, uyoga huu uling'oa au ulikata?"

"Nilikata. Kwani kwenu mnakula udongo?"

"Chini yake ulikuwaje?"

"Sikuangalia. Wadudu wameula na hawakufa. Wewe unataka usifiwe peke yako!"

Recheli alikuwa anamtazama mtoto, na uso wake ulikuwa na hofu. Jenifa alikuwa amechovya tonge, analipeleka mdomoni, ili anifurahishe mimi. Hapo nami nikaogopa. Nikampiga mkono, tonge likaanguka.

Jenifa akalia. Hakuna aliyekula tena.

Recheli akachukua jembe. "Twende wote tukaone."

Pale mtoni nilimwonyesha mashina niliyoyaacha, na uyoga mmoja mzima uliosalia kando yake. Akachimba moja kwa uangalifu. Chini ya udongo, shina lilikuwa limekaa ndani ya kifuko cheupe, mfano wa kikombe.

"Umeona, wifi? Mweupe, una pete shingoni, na una kikombe chini. Uyoga wa namna hii unaweza kuua. Ukikata kwa kisu, kikombe kinabaki ardhini na huwezi kukiona."

"Na wadudu je?" Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Sumu inayomuua mtu si lazima imdhuru mdudu. Kuchemsha hakuiondoi. Wanaopima kwa kitunguu au chumvi, eti kikibadilika rangi kuna sumu, wanajidanganya."

"Kwa hiyo usio na kikombe ni salama?" Gerson aliuliza.

"Hapana, kaka. Upo wa kikombe unaoliwa, na upo usio na kikombe wenye sumu. Kula ule tu unaoujua vizuri, toka mzizi mpaka kofia. Kama una shaka, acha."

"Na mtu akishakula?"

"Akimbizwe hospitali, hata kama bado haumwi. Wakati mwingine tumbo huanza kuuma kesho yake. Halafu linatulia, watu wanadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Mwende na uyoga uliobaki, madaktari wauone."

Tulirudi tukafukia uyoga wangu katika shimo refu, kuku wasiuparue. Tulisugua sufuria na kunawa mikono kwa sabuni. Kisha nikamshika wifi mkono. "Nisamehe. Nilikuonea wivu."

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

Tangu hapo siendi kuchuma uyoga na kisu, naenda na kijiti. Nimejifunza aina mbili tu, na hizo ndizo tunazokula. Jirani yangu Hafsa, niliyemsimulia, naye ameacha kupima uyoga kwa kitunguu.

Wivu haujaniisha, sikudanganyi. Wifi alipokuja tena, Jenifa alimkimbilia kabla yangu. Tulipofika mtoni, mtoto aliniletea uyoga wa rangi ya chungwa, mzima na mzizi wake.

"Mama, huu unaliwa?"

Wifi alikuwa karibu, anasikia.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Muulize shangazi yako."