Kinachonyonya Mferejini

Maziwa yalipita vipimo vyote. Evodia mwenyewe alichovya laktomita kupima kama yametiwa maji, akachanganya spiriti kuona kama yatakatika, akaona hayana dosari, akaruhusu yaingie kwenye mtambo. Yalipotoka upande wa pili, yamechemshwa na kupozwa, yalikuwa yamekatika mabonge-mabonge na yananuka udongo mbichi.

Akayamwaga. Ndiyo kazi yake: mkaguzi wa ubora katika kiwanda kidogo cha maziwa pale Korogwe. Kesho yake yakakatika tena, na keshokutwa. Keni za maziwa zikasuguliwa, mabomba yakapitishwa dawa, mipira ya maungio ikabadilishwa. Wapi!

Siku ya sita Tajeu, mfugaji anayeleta maziwa ya wenzake kutoka Handeni, alisimama mlangoni na fimbo yake kwapani.

"Mama Justa, ng'ombe wetu wazima. Wanawake kule nyumbani wanalia, hela ya maziwa ndiyo yao. Niwaambie nini?"

Evodia akamgeukia meneja. Bwana Deogratius alikuwa na jibu lake. "Tia sukari na ladha, tufungashe kama mtindi. Nani atajua?"

"Yanakwenda shuleni, bosi. Matumbo ya watoto yatajua."

Mchana huohuo Agripina, muosha keni, alimvuta mkono. "Dada, njoo usikie," alinong'ona. "Usiseme kitu."

Wakainama juu ya tundu la mfereji, mahali ambapo kwa miaka saba kiwanda kilikuwa kikimwaga maziwa yote yaliyokataliwa, na kutoka huko chini, jua likiwa la utosini na mashine zote zimezimwa, ikapanda sauti ya kunyonya, taratibu kwanza, kama ndama anayekaribia kushiba, kisha kwa pupa, kwa kuvuta na kukoroma, hata mfuniko wa chuma ukaanza kutetemeka chini ya vidole vyao, na ile harufu ya udongo mbichi ikawajaa kooni kana kwamba wanalishwa kaburi.

"Yesu wangu," Agripina alinong'ona.

Evodia alipanda milimani, Bungu, kwa Bibi Chausiku, ambaye watu humwendea hospitali na kanisa vikishindwa.

"Shikamoo, bibi. Nisaidie, nimekwisha."

"Marahaba, mwanangu. Twende."

Bibi akapiga magoti pale mferejini, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hiki kilikuwa kisima cha jini," akasema. "Mmejenga juu yake, kisha mkalilea kwa maziwa. Sasa mmelinyima."

Evodia akakumbuka. Tangu awafundishe wafugaji usafi wa kukamua, hakuna keni iliyokataliwa.

"Lina njaa," bibi aliendelea. "Linaharibu mazuri ili uyamwage."

"Litoe, bibi."

"Halitoki bure. Linataka maziwa ya mwenyewe aliyelinyima. Unanyonyesha?"

Evodia akashika kifua. Justa wake alikuwa na miezi mitano. Akawafikiria wanawake wa Handeni, akafikiria mtindi wa Deogratius. Kisha akageukia ukuta, akakamua kwenye kikombe huku machozi yakimtoka.

"Mwaga, uliambie kwa kinywa chako. Ukishasema, neno halirudi."

Kunyonya kulikuwa kumegeuka mngurumo, sakafu inapanda na kushuka kama tumbo la mtu anayehema, na katika hofu ile Evodia alimimina kikombe chote akapiga kelele, "Chukua! Chukua maziwa yetu, utuachie ya ng'ombe!"

Kunyonya kukakoma.

Bibi Chausiku akamgeukia polepole. "Umesema yetu?"

"Ndivyo tunavyosema, bibi. Yetu... yangu."

"Mimi najua. Lenyewe halijui."

Kesho yake maziwa ya Handeni yalitoka kwenye mtambo meupe, matamu. Bwana Deogratius alipiga makofi. Tajeu alicheka mpaka akajifuta macho. Evodia, kifua kimelala bapa kama cha mzee na Justa amelia hadi sauti imemkauka, alikuwa akisaini karatasi ya kuruhusu maziwa yauzwe Agripina alipoingia, macho mekundu.

"Dada, niombee ruhusa niende zahanati. Mwanangu hapati kitu, matiti yamekauka. Wifi yangu naye, na jirani. Mtaa mzima, tangu jana."

Evodia akaweka kalamu chini, akaenda dirishani. Nje, getini, wanawake walikuwa wameshapanga foleni, watoto wakilia migongoni, wamekuja kununua maziwa.